Kwa nini nyumba ya akina Cartwright haina mama?

SWALI: Mimi na mama yangu tumeanza kutazama Bonanza, ule mfululizo wa zamani wa kauboi wa Marekani, kwenye intaneti, vipindi viwili vitatu kila wikiendi. Mama amempenda sana mzee Ben Cartwright, lakini kuna jambo linamkera. Mzee ana vijana watatu, kila mmoja na mama yake, na mama wote watatu ni marehemu. Halafu kijana akipata mchumba, kabla kipindi hakijaisha mchumba amekufa, ameondoka, au amegundulika kuwa tapeli. Mama anasema waliotunga hadithi hii hawakuwapenda wanawake. Mimi namwambia huenda maisha ya Marekani enzi hizo ndivyo yalivyokuwa. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama nyumba yenyewe haina mama, mbona tunaambiwa huu ni mfululizo wa familia?

JIBU: Mpe mama shikamoo yangu. Ameuliza swali linalogusa kiini cha Bonanza yote, na yuko karibu na ukweli kuliko wewe, ingawa hilo neno "hawakuwapenda" nitaliwekea mipaka. Nyumba ile haikukosa mama kwa sababu ya historia ya Nevada, jimbo ambamo hadithi imewekwa. Aliyebuni mfululizo aliamua hivyo tangu mwanzo, akijua anachofanya. Kisha utaratibu wa kazi ya televisheni ukaugeuza uamuzi wake kuwa amri, na kwa misimu 14 hakuna mwandishi aliyefanikiwa kuivunja.

Tuanze na huyo aliyeamua. David Dortort alizaliwa Brooklyn mwaka 1916, akawa mwandishi, kisha mtayarishaji wa televisheni. Kituo cha televisheni cha NBC kilipoanza kurusha Bonanza, Jumamosi ya tarehe 12 Septemba 1959, ratiba za jioni za Marekani zilikuwa zimefurika picha za kauboi. Nyingi zilimhusu mtu mmoja mwenye bastola kiunoni: anaingia mjini, anapambana na waovu, anapanda farasi wake na kwenda zake. Hana baba, hana ndugu, hana pa kurudi. Upande wa pili kulikuwa na vichekesho vya familia, na humo baba mara nyingi alikuwa mtu wa kuchekwa, mkewe na watoto wakimzidi akili. Dortort hakuridhika na huyu wala yule. Alitaka baba ambaye wanawe wanamheshimu na kumpenda bila kuona haya, na alitaka akae kwenye ardhi yake, asiwe mtu wa kuhamahama. Ndipo akabuni Ponderosa, ranchi iliyo kando ya Ziwa Tahoe, karibu na Virginia City, mji wa machimbo ya fedha. Ndani ya hadithi tunaambiwa ranchi hiyo ina ukubwa wa maili za mraba 1,000.

Kuhusu mama, Dortort hakuficha lolote. Alisema waziwazi kwamba kipindi chake hakikuwa na mama, wala mwanamke yeyote wa kudumu, na kwamba hilo lilikuwa kusudi. Tangu miaka ya Vita Kuu ya Pili kulikuwa na fikra iliyovuma Marekani kwamba akina mama wanawadekeza wana wao wa kiume mpaka vijana hao wanashindwa kusimama wenyewe. Ni fikra ya kionevu, na mimi siitetei hata kidogo. Mwanamke aliyeachwa peke yake kulea, mume yuko vitani au kazini, halafu analaumiwa kwa namna alivyolea. Lakini ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa, na Dortort aliichukua. Hapo mama yako ana haki kabisa ya kukereka.

Sasa mwulize: pamoja na kukereka huko, mbona anampenda mzee Ben? Nadhani jibu liko papo hapo. Ukimwondoa mama nyumbani, kazi zake hazitoweki. Mtoto akiugua lazima mtu akeshe. Kijana akivunjika moyo lazima mtu akae naye barazani, amwache aseme, au amwache anyamaze. Ndugu wakigombana lazima mtu awapatanishe bila kuegemea upande. Katika Bonanza kazi zote hizo zilimwangukia mwanamume mwenye mvi na sauti nzito, na watazamaji wa 1959 hawakuwa wamezoea kuona hivyo. Ben huwakumbatia wanawe. Hulia. Huomba radhi. Huwaambia anawapenda. Dortort alimwondoa mama ili kuwajenga wanaume, na matokeo yake akalazimika kumfanya mwanamume ajifunze umama.

Hili linaonekana vizuri kuliko popote katika vipindi vitatu ambavyo nakuomba mvitafute. Cha kwanza ni "Elizabeth, My Love" cha Mei 1961. Adam, mwana wa kwanza, yuko mahututi, na Ben amekaa kando ya kitanda anakumbuka. Tunarudishwa New England, Ben akiwa baharia kijana, ofisa wa meli chini ya nahodha Stoddard, akimpenda binti wa nahodha huyo. Wanaoana, na Elizabeth anafariki baada ya kumzaa Adam. Cha pili, "Inger, My Love" cha Aprili 1962, ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ben anasafiri kuelekea magharibi na mtoto mdogo wa kiume, mfukoni hana kitu, mtoto ana homa. Anafika katika mji mdogo wa Illinois na kukutana na Inger, mwanamke wa asili ya Uswidi, mwenye duka. Inger anamtazama mtoto kwanza, baba baadaye. Huyo ndiye atakayekuwa mama yake Hoss, mwana wa pili, na kabla ya hapo atakuwa mama wa kambo wa Adam, mama pekee ambaye Adam alipata kumfahamu. Cha tatu, "Marie, My Love" cha Februari 1963, kinatupeleka New Orleans. Mtu aliyeyaokoa maisha ya Ben amekufa kwa kufanya hivyo, na Ben anakwenda kumpelekea mjane wake habari. Mjane huyo ndiye Marie, mama wa Little Joe, mwana wa mwisho. Marie ndiye baadaye ataanguka kutoka juu ya farasi na kufa pale pale Ponderosa.

Angalia jinsi vilivyotungwa. Katika cha kwanza na cha tatu kijana amelala, baba anakesha, na anachokikumbuka ni mama wa huyo aliyelala. Wanawake hawa walioondolewa katika nyumba wanarudishwa kama chanzo cha tabia za wanawe: utulivu na usomi wa Adam, upole wa Hoss, moto wa Little Joe. Waandishi walijua kwamba bila wao vijana hawaeleweki. Waigizaji waliochaguliwa hawakuwa wa kujazia nafasi pia. Geraldine Brooks alikuwa Elizabeth, Inga Swenson akawa Inger, Felicia Farr akawa Marie. Swenson aliipa sura ya Inger uzito mkubwa hivi kwamba walimrudisha Novemba 1963 katika "Journey Remembered", kipindi kinachoonyesha safari ya magari ya kukokotwa, kuzaliwa kwa Hoss, na kifo cha Inger kwa mshale. Kwa kweli Swenson alikuwa mdogo kwa miaka minne kuliko Dan Blocker, aliyemwigiza mwanawe! Naye Lorne Greene, aliyemwigiza Ben, baba mtu, alizaliwa Februari 1915, miaka 13 tu kabla ya Pernell Roberts, aliyekuwa Adam, na Blocker. Ukimtazama Greene akimkemea Adam, hutakumbuka hesabu hiyo hata mara moja.

Greene mwenyewe ana sehemu kubwa katika upendo wa mama yako kwa mzee Ben. Alikuwa Mkanada, mzaliwa wa Ottawa, na wakati wa vita sauti yake ndiyo iliyosoma taarifa za habari kwenye redio ya taifa ya Kanada, habari mbaya baada ya habari mbaya. Ukitazama vipindi vya msimu wa kwanza utamwona Ben mwingine, mkali, mwepesi kumwelekezea bunduki mgeni aliyekanyaga ardhi yake. Greene alilalamika. Alisema familia yenye mbao na ng'ombe wa kuuza haiwezi kuishi kwa uadui na mji mzima, na kwamba baba wa namna hiyo hafai kupendwa. Polepole Ben akalainika, mlango wa nyumba ukafunguliwa kwa wageni. Mfululizo ulipohamishiwa Jumapili saa tatu usiku mwaka 1961, chini ya ufadhili wa Chevrolet, watu wakaufuata kwa wingi. Kuanzia 1964 hadi 1967 ulikuwa wa kwanza kwa watazamaji Marekani nzima, misimu mitatu mfululizo.

Hiyo ndiyo habari ya mama. Habari ya wachumba ni nyingine, na hapa nataka mama anisikilize vizuri, maana hapa chuki si sababu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna kanuni moja tunayoijua wote: steringi hafi. Bonanza ilikuwa na masteringi wanne, na zaidi ya kutokufa, hawakuruhusiwa hata kubadilika. Misimu tisa ya kwanza ilikuwa na vipindi zaidi ya 30 kila mmoja, karibu vyote vikijitegemea. Aliyekosa wiki iliyopita alitakiwa kuelewa cha wiki hii bila kuuliza, na kituo kitakachonunua mfululizo baadaye kiweze kurusha kipindi chochote baada ya kingine. Kwa hiyo mwisho wa kila kipindi nyumba ilitakiwa irudi ilivyokuwa mwanzo: baba mmoja, wana watatu, farasi wao.

Kuna kitu kidogo cha kukitazama na mama, kitawafundisha jambo hili kuliko maelezo yangu. Tazameni nguo. Adam amevaa nyeusi tupu. Hoss ana shati jeupe, kizibao cha kahawia na lile kofia refu. Little Joe ana koti la kijani. Ben ana kizibao cha ngozi. Wiki nenda wiki rudi, nguo ni zile zile. Kupeleka waigizaji na farasi hadi Ziwa Tahoe kulikuwa na gharama kubwa, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika studio huko Hollywood, tena kwa rangi, wakati ambapo vipindi vingi vilikuwa bado vya rangi nyeusi na nyeupe. RCA, iliyomiliki NBC, ilikuwa ikiuza televisheni za rangi, na ilitaka watu waone milima na misonobari ya Tahoe dukani wafungue pochi. Kwa hiyo picha zilizopigwa ziwani zilitunzwa na kutumika tena na tena katika vipindi vingine, na ili zitumike tena ilibidi nguo zifanane. Sasa fikiria: mahali ambapo kijana haruhusiwi kubadilisha hata shati, mke ataingilia wapi?

Na kuna jambo la pili linalohusiana moja kwa moja na swali lako la familia. Hawa walikuwa watu waadilifu, wanaotazamwa Jumapili usiku na watoto wakiwa sebuleni. Mwanamume mwadilifu hamwahidi binti wa watu ndoa kisha akamtelekeza wiki inayofuata. Kama uchumba ulianza, ilibidi uishe kwa namna isiyomchafua kijana. Binti afe. Au ajue kwamba ana wito mwingine. Au atambulike kuwa alikuwa na hila tangu mwanzo. Mfululizo wenye wanaume wahuni ungewaacha wanawake wengi hai! Uadilifu wa akina Cartwright, ukichanganywa na sheria ya kutobadilika, ndio uliojaza makaburi. Watazamaji wa Marekani waliliona jambo hilo zamani wakalipa jina, laana ya akina Cartwright. Mama yako hayuko peke yake.

Amri hiyo ilijaribiwa, angalau mara moja kwa dhati. Kufikia 1964 Pernell Roberts alikuwa amechoka. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyeona haingii akilini kwamba wanaume watatu wazima waombe ruhusa ya baba kwa kila jambo, na alisema hivyo hadharani. Watayarishaji wakaandaa mlango wa kumtolea: Adam angemwoa Laura Dayton, mjane mwenye binti mdogo, akaenda kuanza maisha yake. Kathie Browne aliigiza kama Laura katika vipindi kadhaa, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa mwanamke katika Bonanza. Wakamleta pia Guy Williams kama binamu, Will Cartwright, akae tayari kushika nafasi. Kisha Roberts akabaki kwa msimu mwingine. Basi harusi ikafutwa, na Laura akaondoka na Will. Mwanamke aliyejengwa polepole, mwenye mtoto, mwenye historia, akahamishwa ili nyumba irudi ilivyokuwa. Mwaka uliofuata Roberts aliondoka kweli, bila harusi wala kifo, na nafasi ya Adam ikaachwa wazi.

Naona hapo ndipo kasoro kubwa ya Bonanza ilipo, kubwa kuliko vile vifo vyenyewe. Adam mwenye mke nyumba ya pili, na baba anayejifunza kuishi na mkwe na mjukuu wa kambo, ingekuwa hadithi tajiri kuliko vipindi vingi walivyotengeneza baadaye. Walikuwa nayo mkononi wakaiachia.

Sasa nije kwako wewe na hoja yako ya historia. Kuna ukweli ndani yake. Fedha iligunduliwa pale Comstock, eneo la machimbo la Virginia City, mwaka 1859, mwaka ambao mfululizo ulikuwa ukiadhimisha karne yake ulipoanza, na waliokimbilia Virginia City miaka ya mwanzo walikuwa wanaume kwa wingi mkubwa. Pia ni kweli kwamba wanawake walikufa mno kwa uzazi na safarini. Lakini mgane wa karne ile hakukaa hivyo. Nyumba ya shambani haikuendeshwa bila mwanamke, na mwanamume aliyefiwa akiwa na mtoto mdogo kwa kawaida alioa tena upesi. Ben mwenyewe alifanya hivyo mara mbili! Tajiri kama yeye, mwenye ardhi na jina, kubaki mgane miaka yote hiyo baada ya Marie ndilo jambo lisilolingana na zama zake.

Tena wanawake walikuwapo Virginia City. Walifua, waliendesha nyumba za kulala wageni, walifundisha. Watawa wa Kikatoliki walifika 1864 wakaanzisha shule na kituo cha yatima. Julia Bulette, mwanamke aliyeuza mapenzi na aliyekuwa kipenzi cha wazima moto wa mji, aliuawa Januari 1867, na aliyemuua akanyongwa mwaka uliofuata. Ardhi yenyewe ya Tahoe ni ya Wawasho, na kaskazini yake ya Wapaiute, wenyeji wa asili wa huko, waliokuwa na wanawake kama Sarah Winnemucca, aliyesimama majukwaani Marekani akidai haki za watu wake. Bonanza ilijua baadhi ya habari hizi. Msimu wa kwanza una kipindi kuhusu Bulette, ambapo Little Joe anampenda, na kingine kuhusu vita vya Wapaiute vya 1860. Lakini mwanamke wa kweli wa Comstock alipata saa moja kama mgeni, kisha basi.

Kuna mtu mwingine ambaye hatuwezi kumruka, maana yeye ndiye aliyelipa gharama ya nyumba isiyo na mama: Hop Sing, mpishi wa Kichina. Nani anapika kwenye nyumba ile? Nani anafua yale mashati yasiyobadilika? Nani anawagombeza vijana wakichelewa chakula? Kazi za mikono za mama alipewa mhamiaji, na heshima ya mama hakupewa. Victor Sen Yung, mzaliwa wa San Francisco, alimwigiza tangu msimu wa kwanza hadi wa mwisho, lakini hakuwekwa kwenye picha za ufunguzi pamoja na wale wapanda farasi. Mara nyingi waliandika maneno yake kwa Kiingereza cha kuvunjika ili watu wacheke, na mimi hapo huwa sicheki.

Hata hivyo kuna kipindi kimoja kinachostahili kutazamwa kwa makini, "The Lonely Man", kilichorushwa mwanzoni mwa Januari 1972. Hop Sing amekwenda likizo kutafuta dhahabu, anampata mwanamke Mzungu akiwa katika shida, anamtunza, wanapendana. Wanataka kuoana. Sheria inakataa. Hiyo haikuwa hila ya mwandishi: Nevada ilipiga marufuku ndoa za namna hiyo mwaka 1861, na sheria ilikaa hadi 1959, mwaka ule ule Bonanza ilipoanza. Mahakama Kuu ya Marekani ilizifuta sheria kama hizo nchi nzima mwaka 1967, miaka michache tu kabla ya kipindi hiki. Katika vipindi vingine mchumba huondoka kwa sababu televisheni inataka hivyo. Hapa anaondoka kwa sababu nchi ilitaka hivyo, na uso wa Sen Yung unabeba tofauti hiyo yote. Ningetaka angepewa nafasi kama hii mara nyingi zaidi.

Je, Dortort hakuwapenda wanawake? Nikimhukumu kwa kazi yake nyingine, siwezi kusema hivyo. Mwaka 1967 alianzisha The High Chaparral, ranchi nyingine, mara hii Arizona. Mke wa kwanza wa mwenye ranchi anauawa mwanzoni kabisa, na mama yako ataguna. Lakini kisha mwanamume huyo anamwoa Victoria Montoya, binti wa tajiri wa Sonora, Meksiko, na Victoria anabaki miaka yote minne. Ana akili, ana amri yake, anagombana na mume na kushinda. Linda Cristal, Muajentina aliyemwigiza, alipata tuzo ya Golden Globe kwa kazi hiyo. Kumbe Dortort aliweza. Na kituo shindani, ABC, kilikuwa kimeonyesha tangu 1965 kwa The Big Valley kwamba ranchi inaweza kusimamiwa na mama mjane, Barbara Stanwyck akiwa juu ya farasi, wanawe watu wazima wakimsikiliza. Kwa hiyo ningemwambia mama hivi: Dortort aliamini kwamba hadithi hii moja ya baba na wana ingevunjika mwanamke akiingia. Naamini alikosea, na The High Chaparral ndiyo ushahidi wangu.

Aliyejibu swali lako la "mfululizo wa familia" kwa vitendo ni yule kijana mdogo wa nyumba, Michael Landon. Aliingia Bonanza akiwa na miaka 22, akaanza kuandika vipindi mwaka 1962, akaanza kuongoza 1968. Dan Blocker, aliyekuwa Hoss, alifariki Mei 1972 baada ya upasuaji, na ilikuwa tayari imeandikwa hadithi ya Hoss kuoa. Landon aliiandika upya, ndoa akaichukua Little Joe, akaiongoza mwenyewe na kuiigiza. Ndicho kipindi cha "Forever", kilichorushwa tarehe 12 Septemba 1972, miaka 13 kamili tangu cha kwanza. Joe anamwoa Alice, aliyeigizwa na Bonnie Bedelia. Wanajenga nyumba. Alice anapata mimba. Kisha watu wanaomdai kaka yake Alice wanafika Joe akiwa hayupo, na nyumba inachomwa moto. Ni laana ile ile, lakini safari hii kijana hapandi farasi akasahau. Landon anamwacha Joe alie kama mtu aliyefiwa kweli, na mtazamaji aliyejua habari za Blocker alijua analilia nani mwingine. Bonanza yenyewe ilikatishwa Januari 1973.

Mwaka uliofuata Landon akaanza Little House on the Prairie, kuhusu familia ya wakulima wa Minnesota. Pale mama yupo, Caroline, aliyeigizwa na Karen Grassle, na yupo tangu mwanzo, na baba wa nyumba, Landon mwenyewe, bado analia na kukumbatia watoto kama Ben. Alichojifunza kwa mzee Ben hakukiacha. Alichoongeza ni mtu wa pili mezani wa kushauriana naye.

Kwa hiyo, Bonanza ni mfululizo wa familia kwa maana ya watu wanne wanaogombana, kukeshana na kusameheana chini ya paa moja. Ni familia iliyofiwa mara tatu, na waandishi walipokumbuka hilo, kama katika vile vipindi vitatu vya wake zake Ben, walitengeneza kazi nzuri sana.

Kama mnataka mpangilio wa wikiendi zijazo, anzeni na Elizabeth, Inger, kisha "Journey Remembered", kisha mrudi kwa Marie, ingawa Marie alirushwa kabla ya "Journey Remembered". Kwa njia hiyo maisha ya Ben yatafuatana. Halafu "The Lonely Man". "Forever" iacheni ya mwisho kabisa, mkishamzoea Hoss kiasi cha kuona pengo lake. Ni ndefu kama vipindi viwili, na mara nyingine mtaikuta imekatwa vipande, kwa hiyo hakikisheni mna vipande vyote kabla hamjaanza.